Siku Tisa za Gogo Pwani ya Uingereza

Joubert Park, Johannesburg
Jumapili

Mdogo wangu Salma,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji Hamisi na wanangu. Mguu wa shemeji umepona? Shangazi aliniambia aliteguka akishuka kwenye pikipiki. Mie mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio mzito. Nilitaka kukupigia simu, lakini Mama Deborah, msusi wa Kikongo ninayeishi naye chumba kimoja, alinikataza. "Simu atakata," alisema. "Andikia mudogo yako. Barua atasoma tu." Basi nakuomba uisome mpaka mwisho.

Unajua kazi yangu huku ilikuwa kumtunza bibi mmoja wa Kizungu. Miaka mitano nimemwogesha, nimemlisha, nimemsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Nilimwita Gogo, kama wanavyowaita bibi zao huku. Alizaliwa Uingereza, katika mji wa pwani uitwao Eastbourne, akaja Afrika Kusini alipoolewa. Miezi michache iliyopita daktari alimwambia moyo wake umechoka na hauna dawa tena. Gogo hakulia. Alimwambia mwanawe, ambaye ana kazi benki kule Sandton, "Nataka likizo. Nipelekeni kwetu nikakae tu, nisifanye lolote. Rukia aje nami." Mwanawe akahangaikia viza yangu, tukapanda ndege sisi wawili. Yeye angetufuata wiki ya pili.

Salma, pwani yao si kama yetu. Pale tulipokaa hakuna mchanga, ni kokoto tupu, ukikanyaga zinalia kama mtu anayetafuna bisi. Upepo unakata masikio hata wakati wao wa joto. Lakini jua likichomoza kidogo tu, wazee kwa vijana wanavua nguo na kujilaza! Tulifikia nyumba ya wageni ya mjane mmoja aitwaye Jean. Alipojua sili nguruwe, akanunua kikaango kipya cha mayai yangu, na hakuna aliyemwomba.

Kila siku baada ya chai nilimsukuma Gogo kwenye njia ya kando ya bahari, tukakaa mpaka adhuhuri tukitazama watu. Tangu nije Johannesburg sijawahi kukaa hivyo, bila kuangalia saa wala kuubana mkoba kwapani. Siku moja shakwe, yule ndege mweupe wa baharini, alishuka akampokonya Gogo kipande cha samaki mkononi. Gogo alicheka mpaka akatoa machozi. "Mwache," alisema, "babu zake walikuwa wakimwibia baba yangu."

Siku ya tisa, asubuhi, nilimkuta midomo imekuwa ya bluu, pumzi anaivuta kwa shida. Nikachukua simu niite gari la wagonjwa. Akanishika mkono.

"Hapana, Rukia."

"Gogo, utakufa!"

"Najua. Nipeleke baharini."

Nikampigia mwanawe. Akasema, "Mama alishaandikishana na daktari wake. Hospitali hataki. Nakuomba umfanyie anachotaka." Nikasikia analia. Akaniomba nimwekee mama yake simu sikioni. Sijui alimwambia nini.

Jean akanisaidia kumvisha sweta, tukampeleka hadi pale njia ya saruji inapoishia, maana magurudumu hayapiti kwenye kokoto. Gogo aliyatazama maji, kisha akasema, "Nivue soksi." Nikamvua. Nikashuka na kikombe kitupu cha chai tulichotoka nacho, nikachota maji ya bahari, nikapanda nikammwagia miguuni polepole. Alishtuka kwa baridi, halafu akatabasamu. "Tena," akasema. Nikashuka tena. Nilimmwagia mara nne. Nilipopanda mara ya tano, Jean alikuwa amemwekea mkono begani, ananitazama. Gogo alikuwa ameshakwenda.

Watu walipita na mbwa wao, watoto wanalamba aiskrimu. Nikamfuta miguu kwa mtandio wangu, nikamvisha soksi, nikasoma kimya kimya nilichoweza kusoma. Baada ya hapo ndipo Jean alipoita daktari.

Mwanawe alifika, tukamzika hukohuko kwao. Makaburini alinikumbatia mbele ya watu wote akasema, "Asante kwa kutomkatalia." Salma, nilitamani ardhi inimeze. Neno hilo ndilo nililopaswa kukuambia wewe.

Mama alipokataa kurudishwa hospitali, ukamwacha alale kitandani kwake Ngamiani kama alivyotaka, mie nilikupigia simu kutoka huku nikakuambia umemuua. Ni mie niliyesema, dada yako, ambaye sikumgeuza mama ubavu hata siku moja. Ulijibu, "Da Rukia, hukuwepo," ukakata. Mwaka wa pili huu. Muda wote nimekuwa nikijiambia kwamba unaninyamazia kwa sababu una hatia. Sasa nami nimekuwepo. Nimeujua mkono unavyowasha kutaka kuita msaada, na inavyouma kumtii mgonjwa. Na yule hakuwa mama yangu. Wewe ulimtii mama yako mwenyewe, ukiwa peke yako, na mie nikakurushia neno lile hata matanga hayajaanuliwa.

Nisamehe, mdogo wangu. Usinisamehe kwa kuwa mie ni mkubwa. Nisamehe ukiweza.

Nimerudi Joubert Park wiki mbili sasa. Nikisimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, kijani kinawaka na watu wananipita, nami nasahau kuvuka. Kazi sina, na bado sijaanza kutafuta. Kwanza nataka kuja nyumbani mwezi ujao, ukiniruhusu. Usiporuhusu nitafikia kwa shangazi, na sitakulaumu.

Barua hii anaileta Bi Mwanaisha, yule mama wa vitenge anayerudi Tanga Jumamosi. Nisalimie shemeji, shangazi, na wanangu, waambie mama yao mkubwa anawakumbuka. Nisalimie pia jirani yetu aliyekusaidia kumwosha mama. Sikumshukuru.

Jambo moja tu limebaki. Sijawahi kukuuliza siku ile ilikuwaje. Mama aliomba nini? Alikuwa amelalia upande gani? Alisema chochote? Nilikupigia kelele kabla hujaniambia, na wewe umekaa nayo peke yako tangu siku hiyo. Niambie, hata kidogo kidogo. Nitanyamaza nikusikilize.

Mimi dada yako,
Rukia