Lango la Malisho ya Mjomba

Mjomba Clifford,

Shikamoo. Mitihani imeisha, na viatu ulivyonipa Krismasi haviingizi maji hata tone.

Jumapili, kikundi chetu cha matembezi kilipokatiza malisho yako, ulikuwa na haki ya kutufokea. Tuliacha lango wazi, kondoo wenye mimba wakatawanyika kwenye theluji.

"Nyie watoto wa chuo, kwenu hakuna milango?"

Wenzangu wa London wakaiga lafudhi yako, wakaangua kicheko. Nami nikavuta kofia hadi machoni, nikacheka.

Ndipo ukaviona viatu. Nilidhani utaniumbua mbele yao. Ukasema tu, "Haya, wewe mwenye viatu vizuri, rudi ufunge lango."

Nikalifunga. Jina langu hukulitaja, mjomba.

Ni mimi, mpwa wako,
Rowena