Cheti Kilicho Ukutani, Juu ya Kiti cha Bibi

Ghorofa ya nne, mlango wa kushoto,
Jumapili, tarehe 6 Aprili.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye cherehani yako, mguu hauumi, na macho bado yanapitisha uzi kwenye sindano bila kuita mtu. Bibi naye hajambo? Kile kikohozi chake cha asubuhi kimepungua? Mwambie nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemchanganya na wengine kama mwaka juzi.

Mimi ni mzima wa mwili. Naendelea na masomo, na bado nasoma hadi macho yanawasha, kwa hiyo jina ulilonipa nikiwa mdogo, Mwalimu Mkuu, halijaniacha. Mdogo wangu ana miaka saba sasa. Huku tunamwita Redio, kwa sababu akiamka tu matangazo yanaanza. Meno mawili ya mbele yamemtoka na bado hanyamazi.

Nimekusalimu kwa kirefu, Shangazi, na ninajua kwa nini. Nikifika hapa, mahali ambapo mtu huandika kwamba "sisi huku sote hatujambo", kalamu inasimama. Utaona mbele kidogo kwamba si mimi peke yangu ninayekwama hapa. Lakini leo nimeamua kupita.

Baba na mama wanaachana. Wamekwisha kufungua shauri mahakamani, na wote wawili wamekubali. Baba alihama mwezi wa Novemba. Anaishi katika chumba kimoja juu ya duka la fundi viatu, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka hapa, nasi tunakwenda kwake kila Jumamosi. Unisamehe kwamba habari hii unaipata kwa mtoto, tena kwa karatasi. Kwa simu nisingeweza. Unanijua, nikitaka kusema jambo kubwa sauti inarudi tumboni.

Utauliza nani amekosa. Mimi pia nimeuliza, na sijapata mtu wa kumkasirikia, jambo ambalo ni gumu kuliko nilivyodhani. Hakuna aliyempiga mwenzake, wala hakuna mtu wa tatu. Ila kuna begi. Ni lile begi la kahawia ulilolifunga kamba kwenye mpini siku tuliyoondoka. Baba hakuwahi kuhamisha nguo zake humo. Miaka tisa limekaa chini ya kitanda. Shati likifuliwa na kupigwa pasi linarudi kwenye begi. Kabati lote lilikuwa letu na mama. Kila mwaka alisema mwaka ujao tunarudi nyumbani.

Mwanzoni mama alikuwa akimjibu, baadaye akaacha. Akapata kazi ya kudumu katika chumba cha kufulia cha hospitali, akajua mabasi yote, akapaka jiko rangi ya njano kwa mikono yake. Siku moja wakiwa mezani akamwambia baba, "Mimi naishi hapa, wewe unasubiri hapa. Hatuko nyumba moja."  Baba alitazama rangi ya ukuta kama mtu aliyeiona siku ile kwa mara ya kwanza. Kuhama kwake kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, kwa sababu alikuwa tayari amefungasha.

Sasa nikueleze kwa nini ninakuandikia wewe.

Mwezi wa Januari nilimsindikiza mama mahakamani, niwe mkalimani wake, maana lugha ya huku anaizungumza vizuri sokoni na kazini lakini maneno ya ofisini yanamtisha. Yananitisha na mimi, ila mimi nilikuwa nimekaa maktaba siku mbili nikiyasoma. Neno talaka nililitamka kwa lugha ya huku, mbele ya dirisha la kioo, kwa mtu nisiyemjua, kabla sijawahi kulitamka nyumbani kwa Kiswahili. Karani alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Akachukua nakala ya cheti cha ndoa tuliyokuja nayo, akaigeuza, akaiinua kwenye taa.

"Mlifunga ndoa wapi?" akauliza.

"Nyumbani kwetu," nikamjibu kwa niaba ya mama.

"Basi sisi hapa hatuna kumbukumbu yenu. Na hii nakala imefifia, hata sahihi za mashahidi hazisomeki. Leteni cheti chenyewe, na kitafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa. Bila hicho, kwa upande wetu nyinyi hamjaoana, na mtu ambaye hajaolewa hatuwezi kumpa talaka."

Nilipomfasiria, mama alicheka. Alicheka mpaka mlinzi akageuka. "Miaka kumi na saba nimeishi na mwanamume huyu," akasema, "leo naambiwa nikathibitishe." Kisha akaketi kwenye benchi na hakucheka tena, na mimi nikamshikia mkoba.

Shangazi, sahihi isiyosomeka ni yako. Katika nakala yetu imebaki nukta yake tu. Na cheti chenyewe unajua kiliko. Kipo ukutani kwenu, juu ya kiti cha Bibi, ndani ya fremu moja na picha ya harusi. Tulipoondoka Bibi alisema safarini vitu hupotea, kiachwe. Nilikuwa na miaka saba, kama Redio sasa, na ninakumbuka Bibi akipangusa kile kioo kwa ncha ya kanga yake kabla ya kupangusa kitu kingine chochote.

Baba akasema, "Niachieni mimi dada yangu. Nitamwandikia mwenyewe." Januari ikaisha. Mama akamuuliza, akajibu ameshaandika. Februari ikaisha pia. Alipoulizwa tena akasema labda posta imechelewa. Mama akahesabu siku za posta kwenye kalenda ya jikoni.

Ninakuandikia jambo ambalo mama angependa usilijue, lakini bila hilo hutaelewa. Aliamini umeipata barua na umekataa. Aliamini umemchagua kaka yako, na kwamba umekikalia cheti ili kumkomesha. Wiki ile ulipopiga simu mara tatu, simu ilikuwa mezani mbele yake. Aliitazama ikiita hadi ikanyamaza. Redio akamuuliza mbona hapokei. "Wifi anataka kunigombeza," mama akasema, "na mimi nguvu ya kugombezwa na yeye sina." Siku hiyo alilitoa kabatini lile gauni la bluu ulilomshonea, la vifungo vilivyofunikwa kitambaa, akalikunja na kuliweka ndani ya mfuko juu kabisa ya kabati, ambapo mkono haufiki bila kupanda kiti. Mama aliwahi kunihadithia kwamba wewe na yeye mlikuwa marafiki kwenye cherehani mbili zinazotazamana, hata kabla hajamjua baba. Nadhani kumkosa baba alikuwa amejiandaa. Kukukosa wewe hakujiandaa.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulikuwa kwa baba. Unajua kazi yake ni kutengeneza lifti, na bado ametulaza miaka tisa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, utani ambao haumchoshi mama. Kule anakokaa sasa mlango wa dirisha ulikuwa umelegea. Akaniambia, "Mwalimu Mkuu, nipe bisibisi, ile ndogo, kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wa kazi." Nikatia mkono mfuko usiokuwa wenyewe. Nikatoa karatasi tatu zilizokunjwa, zina alama za vidole vyenye grisi. Zote tatu zimeandikwa jina lako juu.

Sikukusudia kuzisoma, lakini mimi nikiona maandishi macho yanasoma kabla yangu. Ya kwanza imeandikwa Januari. Inakusalimu, inamuuliza hali Bibi, inaulizia mguu wako, halafu inaishia hapo. Ya pili nayo inasalimu. Ya tatu ni ndefu kuliko zote. Inaulizia mpaka jirani yenu mwenye kuku, inauliza kama paa bado linavuja upande wa jikoni, kisha imeandikwa "sisi huku", na baada ya hapo hakuna kitu.

Baba aligeuka akaniona nimezishika. "Umesoma?"

"Nimesoma."

Akaketi kitandani. Lile begi lilikuwa wazi pembeni yake, na nguo zimo ndani, hata huko. "Nikifika hapo mkono unakataa," akasema. "Dada ndiye aliyetushikia kalamu siku ile ya ndoa. Nimwambie nini, afute?" Redio akaacha kuzungumza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Baadaye baba akasema, "Andika wewe. Una maneno kuliko mimi. Ila usimlaumu mama yako humo."

Sijamlaumu, Shangazi. Wala baba sikumlaumu, ingawa njiani tukirudi nilijaribu.

Mama nimemwambia juzi, tukiwa tunakunja shuka. Kazini anakunja mia kwa siku, lakini za nyumbani hapendi kuzikunja peke yake. Zamani alimwita baba, wakakutana katikati, vidole kwa vidole, baba akijifanya anavuta upande wake. Sasa ananiita mimi. Tulikutana katikati na nikamwambia kwamba barua haikutumwa hata siku moja. Alibaki ameshika pembe zake mbili na zangu mbili.

"Kumbe wifi hajui," akasema.

Nikamwambia hujui.

"Kumbe alikuwa anapiga kusalimia tu."

Akaiweka shuka chini bila kumaliza kuikunja, akaenda jikoni akafungua maji kwa muda mrefu. Asubuhi niliona kiti kimesogezwa karibu na kabati. Gauni la bluu lilikuwa limetundikwa mlangoni, linanyooka. 

Basi ombi ni hili. Tunatakiwa mbele ya hakimu tarehe 20 mwezi ujao. Cheti kisipokuwepo faili litafungwa na wataanza upya mwakani, na mwaka mwingine wa kuhesabu siku kwenye kalenda ya jikoni sidhani kama mama anaumudu, wala baba. Naomba ukiondoe kwenye fremu ukakitume kwa posta ya haraka, kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha. Jina la kupokea ni la mama.

Sikufichi kwamba sitaki ukitume. Ningetaka unijibu kwamba kimeliwa na mchwa. Nimeandika sentensi hii, nikaikata, nikaiandika tena, maana nimechoka kuwa na watu wanaonificha ukweli ili nisiumie. Kitume, Shangazi.

Kuhusu Bibi, wewe ndiye utakayejua wakati wa kumwambia. Ila usikitoe ukutani akiwa amelala, akaamka akakuta ukuta mtupu. Mtoe kwanza kwenye kiti, mkae pamoja, umwambie. Nadhani atapenda kukipangusa kioo mwenyewe mara ya mwisho kabla hujafungua misumari ya nyuma.

Mama amenituma nikuambie kwamba ukipiga simu Jumapili jioni atapokea. Alisema hivyo tu, kisha akarudi mlangoni akaongeza kwamba hata asubuhi atapokea. Redio anakusalimu na anauliza kama kwenye cherehani yako bado kuna ile droo ya vifungo niliyomsimulia, kwa sababu anataka vile vyekundu. Msalimie mjomba fundi baiskeli, binamu zangu wote, na jirani mwenye kuku. Salamu za baba sizirudii kwa maneno yangu. Nimeiweka ndani ya bahasha hii ile karatasi ya tatu, kwa mkono wake, na grisi yake. Amejua na ameruhusu. Pale alipoishia, mimi ndipo nilipoendelea.

Mungu auangalie mguu wako na macho yako, na akupe mkono mwepesi katika kazi niliyokupa.

Nabaki wako nikupendaye, mtoto wa kaka yako, na wa wifi yako vilevile,

Mwalimu Mkuu.

Nimekumbuka jambo baada ya kutia sahihi. Niliyasoma tena maelezo ya mahakama, ukurasa kwa ukurasa, ili nisikusumbue mara mbili. Wanataka cheti tu. Picha hawakuitaja mahali popote. Tafadhali iache kwenye fremu, uirudishe palepale.