Wimbo wa Mkwe wa Mlimani

Baba Eliwaza,

Nilikwenda kwenu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilonikataza maisha yetu yote. "Mikindani hakuna mtu," ulikuwa ukisema. "Mama alikufa nikiwa shuleni, wengine wametawanyika. Utakwenda kutazama magofu?" Nami nikakuamini. Baba yangu naye alikuamini. Siku ya posa alikuuliza mbele ya wazee wa kanisa ni nani atakayesimama upande wako, ukajibu kwamba huna mtu duniani. Machozi yalimlengalenga, akasema yeye atasimama pande zote mbili. Alikufa akikuita mwanangu.

Naandika kidogokidogo. Miguu imevimba tena. Daktari wa mjini alimwita binti yetu Eliwaza nje akamweleza habari za moyo wangu kwa sauti ya chini, wakasahau kwamba dirisha lilikuwa wazi. Sasa Eliwaza anataka nihamie kwake Sekei, niwe karibu na hospitali. Nimekataa. Nataka kufia hapa Poli, kwenye migomba. Wanao wameacha nafasi kando ya kaburi lako kwa ajili yangu, wamepanda na maua. Tangu mwezi wa nane mwaka jana sijakanyaga pale. Wanadhani ni miguu.

Mengine yamebadilika, utataka kujua. Kahawa ya chini kule mtoni imeng'olewa, Eliwaza amepanda parachichi. Wanunuzi wanazifuata hadi mlangoni, wanabishana na yule kibarua wetu kama watu wa mnadani. Nilimwachia Eliwaza afanye atakavyo. Yeye ndiye aliyeona kwenye simu yake picha za sherehe za ngoma huko Mikindani, zile za baada ya mavuno. Akaniambia, "Mama, twende ukaone alikotoka baba, hata kama hatuna mtu." Nilikubali. Niliona nitakuwa nimekuaga vizuri.

Ni pazuri, Baba Eliwaza. Hukuniambia kwamba ni pazuri. Zile nyumba za kale za mawe zenye vibaraza vya juu, milango iliyochongwa, na ile ghuba iliyotulia kama maji kwenye beseni. Watu walikuwa wamejaa, kutoka vijijini, kutoka Dar es Salaam, Wazungu nao na makamera yao. Vinyago vilikuwa vinapita juu ya miguu ya miti, virefu kuliko mapaa, watoto wanavikimbia huku wanalia na kucheka kwa pamoja. Nilikula ming'oko, ile mizizi yenu ya porini, iliyochemshwa, imetiwa chumvi na pilipili. Utamu wake ulikuwa umeusifu sana. Hilo hukudanganya.

Ndani ya nyumba moja ya kale walikuwa wametundika picha za akina bibi wa Kimakonde wa zamani, wenye nembo zilizochanjwa usoni na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu. Vijana walikuwa wakijipiga picha kando yao. Nikamwambia Eliwaza atazame ufundi ule, hakuna mstari uliokosea. Nikiwa nimesimama pale nikamkumbuka mlinzi wa shule yetu ya Ngaramtoni, yule mzee wa kusini mwenye nembo mashavuni. Walimu walipomcheka, wewe ulicheka kuliko wote. Nilishangaa siku ile. Nilikuwa msichana, nikashangaa, nikaacha.

Alasiri wanawake wakapanga duara, ngoma zikaanza, na mwimbishaji akatoa sauti. Ule wimbo niliujua.

Unajua ni upi. Ulirudi nao kutoka semina ya walimu Dar es Salaam, Eliwaza akiwa darasa la tano. Uliuguna ukinyoa ndevu, ukipogolea kahawa, ukisubiri bakuli la loshoro lipoe. Nilikuuliza maneno yake, ukasema, "Ni wimbo wa kubangua korosho tu, Mama Eliwaza, hauna maneno ya maana." Nikajifunza sauti yake bila maneno. Wajukuu wako wote nimewalaza kwa wimbo ule. Sasa nausikia kwenu, unaimbwa na umati! Nikainuka na fimbo yangu, nikaingia kwenye duara, nikacheza. Machozi yalikuwa yananitoka kwa furaha. Nilidhani umetoka kaburini ukaja kunipokea.

Mwanamke aliyekuwa kando yangu, mnene, mcheshi, alikuwa anapiga makofi kunifuatisha. Nikamuuliza wanaimba nini, maana ni Kimakonde.

"Bibi, unacheza usichokijua?" akacheka. "Huyu ni mkwe wa mlimani. Mkwe mwenye roho ya baridi. Mama mkwe anataka kwenda kumsalimu, yeye kafunga mlango. Anasema uso wa mama mkwe unatisha, watoto wataota vibaya."

"Ni hadithi?"

"Hadithi wapi! Ni mtu kabisa. Mtoto wa Bi Somoe alioa huko Arusha, kwa Wameru. Mke akamwambia, huyo mama yako na ndonya yake akitia mguu hapa, mimi narudi kwetu. Mtoto wa watu akaja hapa kulia kwa mama yake. Bi Somoe ndiyo akamtungia mkwe wimbo. Kwani wewe bibi watoka wapi?"

Nilitaka kumvuta Eliwaza mkono. Alikuwa ameshajibu. Alikuwa amejibu kwa fahari, kwamba sisi ni Wameru wa Arusha, na baba yake alikuwa wa hapa hapa, Mwalimu Hamisi, ingawa kwetu alibatizwa Daudi.

Yule mwanamke alishika kichwa. Kumbe ukoo wake na wenu ni watani. "Jamani, njooni! Mkwe kaja! Kaja mwenyewe kuucheza wimbo wake!"

Wakaja. Lo, walivyokuja.

"Mvueni sweta, atakufa kwa joto letu!"

"Hiyo fimbo ndiyo aliyomfukuzia mkwewe, ishikeni!"

"Mpeni kioo! Mbona na yeye uso umechanjika, nani kamchanja?"

Eliwaza alifura, akataka kuwajibu. Mzee mmoja akamshika bega. "Tulia, mwanangu. Hao ni watani wenu. Kwa mtani hakuna kukasirika. Ukikasirika watakudai mbuzi." Basi na mimi nikasimama katikati yao nikitabasamu, meno yamenikauka, nikitukanwa kwa kosa ambalo sikujua lipo.

Aliyewatawanya ni dada yako. Ndiyo, Zainabu, ambaye hukuwahi kumtaja. Ana paji lako la uso. Alitupeleka nyumbani, akatutandikia mkeka, akatuletea picha ya mama yenu. Mistari ya nembo mashavuni mwake imepangika kama miiba ya samaki. Macho ni yako. Akaniambia mama alikufa lini, nami nikaikumbuka siku ile, kwa sababu ulishinda nyuma ya zizi ukaniambia ni malaria. Nilikuchemshia uji. Kwa hiyo mama yako aliishi, Baba Eliwaza. Aliishi tulipofunga ndoa, aliishi nilipojifungua, aliishi Eliwaza alipohitimu na tukachinja. Kila msimu wa ngoma watu walimuuliza mwanawe yuko wapi, naye alijibu, "Yuko mlimani, anafundisha." Kisha anaimba.

Zainabu akanishika mikono yote miwili. "Wifi, yaliyopita tumeyaacha. Ila tuambie wewe mwenyewe, mama yetu alikukosea nini?"

Hapa ndipo penye ungamo langu. Ningeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Lakini ukutani palikuwa na picha yako ya ujana, imewekewa fremu, imefutwa vumbi asubuhi ile ile. Zainabu alikuwa analitaja jina lako kama mtu anayebeba yai. Nikasema, "Hakunikosea kitu, wifi. Nilikuwa mjinga. Nisameheni."

Niliomba kwa kinywa changu msamaha uliopaswa kuuomba wewe, na mwanangu alikuwa ananisikia.

Kwenye basi la kurudi aliniambia neno moja tu: "Mama, ulituambia bibi alikufa." Nikageukia dirishani. Tangu siku hiyo Eliwaza amenitunza bila kasoro. Dawa kwa wakati, chakula, shuka safi. Ananikanda miguu huku anatazama ukuta. Ninakufa mbele ya binti anayeamini kwamba nilimfungia mlango bibi yake kwa sababu ya sura.

Nimejiuliza kwa nini nilikufunika. Labda ni mazoea, mke wa mwalimu hujifunza kufunika. Kwamba ulimficha mama yako, hilo naweza kulielewa. Shule ile ile iliyokufundisha kuona aibu ndiyo iliyonifundisha na mimi. Lakini ulipohitaji mtu mbaya wa kumtupia, uliangaza macho ndani ya nyumba yako mwenyewe ukanichagua mimi. Mimi niliyekuwa nakupigia pasi mashati ya kwendea kwenye hizo semina, kumbe ulikuwa unakwenda kwa mama yako. Kisha ukaurudisha wimbo ule nyumbani, ukauguna mezani kwangu, ukala chakula changu. Ukanisikia nikimlaza mjukuu wetu kwa matusi niliyotukanwa mwenyewe, na hukunikataza. Ulinitazama tu. Mungu wangu, ulikuwa ukitabasamu.

Barua hii niliiacha hapo kwa muda. Jumapili iliyopita nilimpigia Zainabu simu nikamweleza yote.

"Wifi," akasema, "mama alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba ni uongo wa mwanawe. Mama hakuwa mtoto mdogo. Lakini wewe, mtu utamwimba vipi mwanao? Ukimwimba mwana harudi tena. Mkwe yuko mbali, akiimbwa haumii."

"Nimeumia, wifi."

"Najua. Niliona unavyocheka na watani. Mtu hacheki vile." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Kwetu aliyeimbwa ana haki ya kujibu. Tunga jibu lako, tuletee msimu ujao. Nitalianzisha mimi mwenyewe, na yule mnene ataitikia atake asitake."

Jana Eliwaza alikuja. Nilimwambia akae, asishike kazi yoyote, nikamweleza. Sikupunguza neno. Hakulia. Alitoka akaenda kwenye migomba, akasimama mbele ya kaburi lako muda mrefu. Nilikuwa namwona dirishani, mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri mkosaji ajitetee. Aliporudi aliniuliza kwa nini nilinyamaza.

"Sikutaka umpoteze baba yako mara ya pili."

"Nikupoteze wewe badala yake? Na ukiwa hai?"

Akaketi chini, akauweka mguu wangu mapajani mwake, akaanza kuukanda. Alikuwa ananitazama mimi.

Tulilitunga jibu pamoja, yeye akiandika. Linasema, *mlango sikuufunga, mama. Sikuambiwa kuna mtu nje.* Kuna beti nyingine, zinakutaja wewe kwa jina la kwenu, na si za upole. Eliwaza atazipeleka. Kama miguu yangu ingekubali ningekwenda mwenyewe, lakini mimi na wewe tunajua kwamba haitakubali.

Basi nikuage.

Nitalala kando yako. Usidhani ni msamaha, huko sijafika, na siku nilizobakiza huenda hazitoshi. Nitalala pale kwa sababu udongo ule ni wa baba yangu, aliyeugawa kwa kijana aliyesema hana mtu. Siwezi kuhama kwetu kwa ajili ya uongo wako. Wanao wameshajua yote, Eliwaza amewapigia simu, kwa hiyo wakija kupalilia watapalilia makaburi ya watu wawili wanaowafahamu.

Na ahadi yangu ni hii. Nikifika huko, usije kunipokea wewe. Mtangulize mama yako. Nitapiga goti nimwamkie shikamoo, ile niliyonyimwa miaka yote, na nitamtazama usoni, mstari kwa mstari, hadi aamini kwamba sitageuza macho. Kisha nina maneno naye, na yeye ana maneno nami, kama ilivyo kwa mtu na mkwe wake. Wewe utakaa pembeni usubiri. Hata tukichelewa, usiingilie.

Kwaheri, Hamisi wa Bi Somoe.

Mkeo,
Mama Eliwaza