Vipande Vyako Vimerudishwa

Mdogo wangu mpenzi,

Huku hatujambo. Goti la mama limepata nafuu, na paka wako amezaa tena kabatini.

Ile filamu yetu ya majini na mapanga, iliyozomewa na watu, imerudi. Mwongozaji ameirefusha na kurudisha vipande vyako vyote alivyovikata. Jana tuliitazama ukumbini. Zamani nilipigana tu na jini, hakuna aliyejua kwa nini. Sasa wanaona jini lile ni dada yangu aliyerogwa, yaani wewe, na kila nikiinua upanga unaniita kwa jina. Ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi. Mama akalia, "Mwanangu jamani!" Nami nimekaa ubavuni pake.

Niliona wivu, mdogo wangu, wivu wa kusaga meno. Sura kwenye mabango ni yangu, sifa zote ni zako.

Mlangoni mwongozaji akanishika mkono. "Nina filamu mpya. Namtaka mdogo wako. Una namba yake?"

Nilijifanya napekua mkoba mpaka akadhani sina. Kisha nikamtajia.

Akipiga, pokea. Ila usinishukuru kwanza, bado nimenuna.

Ni mimi dada yako,
niliyekuwa wa mwisho kuacha kupiga makofi.