Mapacha Wawili Ndani ya Kadi Moja

Chumba cha Juu,
Nyumba ya Fundi Cherehani,
Mtaa wa Posta ya Zamani.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nakusalimu kwa mikono miwili, kisha namsalimu mkazamjomba, kisha naulizia goti lako, maana dada yako ameniagiza nilijulie hali goti kabla ya mwenye goti. Je, bado linakusumbua kwenye ngazi? Na miwani mipya umeizoea, au bado unaitafuta nyumba nzima kumbe iko kwenye paji la uso? Sisi huku tu wazima. Mama ana kikohozi kidogo cha vumbi, lakini sauti yake haijapungua hata chembe, na majirani ni mashahidi.

Barua yako ilifika wiki sita zilizopita, na najua nimekuweka. Usinikasirikie. Nilikuwa katikati ya jambo, na nilitaka lifike mwisho ndipo nikusimulie. Limefika mwisho juzi Ijumaa, na tangu hapo siwezi kutulia. Nimefua mapazia, nimepanga vitabu, nimevipangua, mpaka fundi cherehani wa chini amegonga dari kwa fimbo kuuliza kama nahama au naolewa.

Uliniuliza kama hizi mashine zinazoandika programu zenyewe zitakula kazi yetu sisi waandishi wa programu. Wangeniuliza watu wengine ningewajibu kwa neno moja. Wewe nakusimulia.

Kampuni yetu, yenye watu watano na birika moja la chai, ilipewa kazi na hospitali ya kuhamisha majalada elfu arobaini ya wagonjwa kutoka kwenye karatasi yaingie kwenye kompyuta. Makarani walikesha na kushinda wakiyachapa mwaka mzima. Sehemu yangu ilikuwa kuandika programu inayoyapanga, ili mgonjwa akitaja jina lake dirishani, kadi yake iwe imeshatokea mbele ya daktari kabla hajavuta kiti. Zamani mtu alisubiri saa mbili jalada litafutwe, na wengine walipona kabla halijapatikana.

Majalada hayo yalitunzwa na mama mmoja ambaye hospitali nzima humwita Mama Majalada. Masjala yake ni chumba kirefu nyuma ya dirisha la dawa, rafu hadi darini, ngazi ya magurudumu yenye gurudumu moja bovu, na harufu ya gundi. Amekaa humo miaka ishirini na sita. Bosi wetu tunamwita Chapchap, naye anajua na linamfurahisha. Yeye alituambia tusipoteze muda na mama huyo. Hapendi kompyuta, na tukishazindua atahamishiwa stoo ya mashuka. Nami nikakubali, Mjomba. Mwaka mzima nilikuwa nampita mlangoni kwa salamu ya haraka, kama mtu anayepita duka asilokuwa na haja nalo.

Alhamisi moja, siku nne kabla ya uzinduzi, nilikwenda kujaribia programu masjala kwa sababu huko ndiko waya wa mtandao ulikoishia. Mama Majalada akanisogezea kigoda. Akaniuliza kama naweza kumwonyesha watoto wake. Nilidhani ana wanawe waliotibiwa pale. Kumbe kwake kila jalada ni mtoto. Akanitajia jina, nikaliandika, kadi ikatokea. Akanitajia jina jingine, linalotofautiana na lile kwa herufi moja tu. Ikatokea kadi ileile.

Alipanda ngazi yake, akashuka na majalada mawili, akayalaza mapajani mwangu. Mapacha wa kike, miaka sita. Baba mmoja, mama mmoja, simu moja, siku moja ya kuzaliwa, na wazazi kwa furaha yao wakawapa majina yanayofanana kama soksi. Jalada la kwanza lilikuwa na mstari mwekundu juu ya ganda na maneno ya mkono: kuna dawa ambayo mtoto huyu akipewa, koo lake huziba. La pili halikuwa na mstari. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na mtoto mmoja tu, naye hakuwa na mstari.

"Huyu mwingine mmempeleka wapi?" akaniuliza.

Mjomba, mimi nilijua alikokwenda. Ndani ya programu niliweka sheria: majina yakikaribiana, na tarehe ya kuzaliwa ikawa moja, na simu ikawa moja, basi huyo ni mtu mmoja ambaye karani alikosea kumwandika, unganisha majalada, bakiza lililo jipya. Mistari kumi na saba. Mashine ile unayoiulizia ndiyo iliyonipendekezea, kwa muda wa kupiga chafya. Niliisoma, nikaona imenyooka, nikaipokea na hata kujisifu kidogo. Mashine haikuniuliza kama duniani kuna mapacha. Mimi pia sikujiuliza, na mimi ndiye niliyezaliwa na mwanamke. Kwa hiyo sisemi kompyuta ilikosea. Nilikosea mimi.

Nikahesabu. Jozi mia tatu na kumi na mbili zilikuwa zimeunganishwa. Baadhi ziliunganishwa kwa haki, mtu mmoja kweli aliyeandikwa mara mbili. Nyingine zilikuwa watu wawili walioshindiliwa ndani ya kadi moja. Zipi ni zipi, mimi nisingeweza kujua.

Nilimkimbilia Chapchap. Si mtu mbaya, usimchukie. Ana haraka tu, na haraka humfanya mtu asione pembeni. Alinisikiliza kwa kusimama, akasema tuzindue Jumatatu kama ilivyopangwa na turekebishe polepole baadaye. Wakubwa wameshaalikwa, turubai limeshafungwa uani, na watu mia tatu kati ya elfu arobaini hawafiki hata mmoja katika mia. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mwenzangu wa meza ya pili akaninong'oneza nifunge mdomo, kwa kuwa mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi unaofuata, na mkataba mpya ulikuwa mezani kwa Chapchap bila saini.

Nisikufiche, nilifikiria kunyamaza. Nilijipa sababu nzuri sana. Nilijiambia kwamba nitarekebisha kimya kimya Jumanne, kwamba mapacha wale huenda wasiugue wiki hiyo, kwamba mimi si bosi. Sisi watu wa kompyuta tuna ujuzi mkubwa wa kujiambia hivyo. Tunaandika jambo mezani, linakwenda kumwangukia mtu tusiyemjua, na sisi tunarudi nyumbani kwa wakati.

Kesho yake asubuhi tulikuwa na kikao na daktari mkuu wa hospitali, mwanamke mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Chapchap alionyesha picha zake nzuri ukutani. Alipomaliza, daktari mkuu akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Watu wakatazama vikombe. Nikasikia mtu anaongea, kumbe ni mimi.

"Nina la kuongeza, Daktari. Programu hii ina kosa linaloweza kuua mtoto, na kosa ni langu."

Nikaeleza yote, sheria, mapacha, mstari mwekundu, jozi zote. Chapchap aliitazama meza kana kwamba imeandikwa kitu. Daktari mkuu hakunikemea. Aliuliza tu nani aligundua, nikamtaja Mama Majalada, akaagiza aitwe. Akaja na aproni yake ya vumbi na majalada mawili kwapani, akayaweka juu ya meza ile ya kioo. Chapchap akajaribu kueleza kwamba hawakumshirikisha kwa kuwa mama hapendi kompyuta.

"Mimi sina ugomvi na kompyuta, mwanangu," akamjibu kwa upole. "Mwaka mzima nimekaa pale nasubiri mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza."

Uzinduzi ukasogezwa karibu wiki tatu. Turubai likafunguliwa. Wakubwa wakaandikiwa barua za samahani.

Wiki hizo tatu zimenifunza kuliko miaka yangu minne ya chuo. Kila siku saa mbili asubuhi tuliketi pamoja, mimi na kompyuta, yeye na rafu zake, tukipitia jozi moja baada ya nyingine. Alijua wanawake walioolewa wakabadili jina na kuacha jalada la usichana nyuma. Alijua baba na mwana wenye jina moja wanaoshirikiana simu moja. Siku moja nilimlalamikia kwamba kuna wagonjwa mia na zaidi waliozaliwa tarehe mosi Januari, jambo lisilowezekana. Akacheka mpaka akashika rafu. Akaniambia mtu asiyejua siku yake ya kuzaliwa, karani humwandikia tarehe hiyo ili foleni isogee; hao wote, akasema, baba yao ni karani.

Sasa programu yangu haiunganishi mtu na mtu. Ikitilia shaka, inaweka alama na kumwambia karani amuulize mwenyewe. Ni ndefu, haipendezi machoni, na naipenda kama mtu anavyompenda mtoto mwenye matege. Na ile mashine ya kuandika programu? Naitumia kila siku. Sehemu zote za kuchosha imenimalizia huku nikinywa chai, na nimefurahi nayo kama mtu aliyepata punda mwenye nguvu. Basi jibu lako ndilo hili, Mjomba: kazi ya kuandika italiwa, na iliwe, haina utamu wowote. Kazi ya kwenda kumuuliza anayejua haitaliwa na mashine. Tutaitupa sisi wenyewe tukitaka, na nusura niitupe.

Kabla sijasahau, nikuchekeshe. Shemeji, mume wa dada, ameweka nyumbani kwake taa zinazowaka kwa kuamriwa kwa sauti. Kwa wengine wote zinatii. Kwa Mama zimegoma, kwa sababu hawezi kuamuru kabla ya kusalimia. Jumapili iliyopita tulimkuta amesimama sebuleni gizani anaiambia taa, "Hujambo mwanangu, habari za kutwa, hebu niwashie basi." Shemeji anasema Mama ajifunze. Mimi nasema taa ndiyo ijifunze, na nimemwambia hivyo usoni, kwa adabu.

Sasa juzi Ijumaa. Hakukuwa na hotuba wala turubai. Dirisha lilifunguliwa saa moja na nusu, nami nikasimama nyuma ya karani. Mapacha wana kadi mbili, na mstari mwekundu uko kwa mwenyewe, hilo niliangalia mara tisa. Wagonjwa wakaanza kupita, mmoja, watano, ishirini. Foleni ilikuwa inatembea, Mjomba! Watu waliokuja na vitafunio vya kutwa nzima wakawa wanaondoka navyo.

Kama saa nne hivi alama ikawaka. Karani akasoma, akachungulia benchi, akaliita jina na kuuliza ni yupi. Wakasimama wazee wawili. Jina moja mpaka la babu, tarehe mosi Januari wote wawili, mwaka mmoja, wameketi benchi moja tangu asubuhi bila kujuana. Mmoja kaja kwa macho, mwingine kwa moyo. Wakatazamana. Yule wa macho akamsogelea mwenzake mpaka karibu amguse pua, akamwambia, "Kumbe wewe ni somo yangu." Benchi zima likacheka, wakashikana mikono wakawa hawaachani, na daktari ikabidi amsubiri mgonjwa. Nilikwenda nyuma ya masjala nikalia kidogo. Mama Majalada alinipa ncha ya aproni nijifutie, nikatoka na vumbi usoni.

Habari zake ni kwamba hahamishwi popote. Ana meza dirishani na skrini mbili, na karani yeyote akikwama humwendea yeye. Chapchap alinisainia mkataba jioni ya Ijumaa ileile. Ameongeza sharti kwetu sote: kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa kazi yoyote, mtu akae wiki moja na watakaoitumia. Bado anatembea kama anayefukuzwa, lakini siku hizi huuliza, "Mama ameona?"

Na sasa siri. Nimepewa likizo ya siku kumi na mbili, na tiketi nimeshakata, mbili. Tarehe pili Julai nakuja, nawe utatuona mimi na dada yako, baada ya miaka tisa ya picha za simu. Amenikataza kabisa nisikuambie, anataka akugongee mlango bila taarifa. Ameshafunga sanduku, analifungua kila siku kuhakikisha halijahama. Nimeshindwa kunyamaza; unaona mwaka huu kunyamaza hakunikai. Kwa hiyo ukifungua mlango ukamwona, nakuomba kitu kimoja: shangaa. Fanya mazoezi kwenye kioo kama itabidi.

Msalimie mkazamjomba, umwambie asihangaike na vitanda, tutalala popote. Wasalimie binamu zangu wote, yule mkubwa wa karakana, yule mwalimu, na kitinda mimba wenu ambaye nasikia amenipita urefu. Mama anakusalimu sana, ingawa hajui kwamba nimekuandikia siri yake. Dada na shemeji wanasema hawajambo, taa zao pia.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe usingizi mwororo na kuamka kwepesi, atukutanishe salama mlangoni.

Wako akupendaye kutoka mbali ambako karibu kutakwisha,

Mpwa wako, yule uliyembandika jina la Maswali