Babu wa Kuazima

Lafourche, Januari 1789

Dada yangu mpendwa Ozite,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Naomba barua hii ikukute salama huko Saint-Jacques, na goti lako liwe limepoa. Sisi huku ni wazima. Mbu wa kiangazi kilichopita ndio walitaka kutumaliza: wawili walimbeba jogoo wangu, nikawakimbiza kwa kasia mpaka wakamwachia. Mahindi nayo yalirefuka hata kunguru wakawa wanatua katikati kupumzika. Watu wa hapa husema Cyprien anatia chumvi. Chumvi hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Modeste, mtoto wa marehemu dada yetu Nanette, amepata mchumba. Ni huyu Firmin Aucoin anayekuletea barua. Mtazame vizuri: mpole, halewi, na shoka linamtii. Modeste amefuma mwenyewe shuka za arusi, na akimsikia anapita mtoni na mtumbwi wake, uzi unamkatikia mikononi.

Jumapili baada ya Krismasi tuliwakaribisha wazazi wa Firmin, na padri, yule Mhispania. Unajua vitabu vya kanisa letu vilipotea Waingereza walipotufukuza kwetu Akadia na kutupakia melini, kwa hiyo kila mtu huapa ukoo wake kwa mdomo. Mzee Anselme, baba yake kijana, akasimama akataja: Firmin wa Anselme, wa Charles, wa Bastien. Ni Bastien yule aliyejenga lango la maji kubwa kule Grand-Pré, lile lililojifunga lenyewe bahari ikijaa, mashamba yakabaki makavu. Wazee wakavua kofia. Basi mkewe Anselme akanitupia jicho la pembeni akauliza, je, ninyi wenzetu mna babu, au ukoo wenu ulianzia melini? Watu wakacheka mpaka mbwa wakabweka.

Dada, damu ilinipanda. Nikasimama, nikasema huyo Bastien ni babu yetu pia, mama yetu Agathe ni mjukuu wake, na lile lango lilipovunjika babu aliizuia bahari kwa mgongo kutwa nzima huku anakula mkate. Nikaapa, mkono juu ya msalaba. Mama Firmin akainamia sahani yake. Nilidhani nimemfunga mdomo, kumbe nimemfunga Modeste.

Padri alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. Akasema hawa basi ni ndugu, na hawawezi kuoana mpaka askofu wa Havana atoe ruhusa, naye hujibu akijisikia. Modeste alikuwa anapakua mchuzi wa bamia. Akaweka upawa chini, akaniuliza polepole, mjomba, ni kweli? Na mimi, mbele ya watu wote wale, nikamjibu ni kweli tupu.

Tangu siku hiyo hajanilaumu hata kwa neno moja. Ananipikia, ananishonea soksi. Zile shuka amezikunja kashani, chini kabisa. Heri angenipiga na upawa ule.

Nilikwenda kwa padri nikamwambia nilidanganya. Akanitazama sana. Akasema, Cyprien, mwezi uliopita uliniambia ulimfunga mamba mdomo kwa mkanda ukampanda kuja misa. Sasa nitajuaje uongo wako ni upi? Anataka kiapo cha mtu mwingine aliyelelewa nyumba ile. Umebaki wewe tu.

Wewe ulimwahi babu Mathurin, babu yake mama hasa, akakubeba mgongoni. Unajua hakujenga lango lolote. Alikuwa akikata udongo wa kujengea matuta ya huyo Bastien ya kuzuia bahari, akirudi jioni ana tope mpaka kwenye nyusi, mama anamfukuza jikoni. Mbele ya wageni wale nilimwonea haya. Askari walipotugawa melini, wewe ukapelekwa Maryland, sisi Uingereza. Kule ghalani Liverpool, tukilala njaa, mama alitutajia babu zetu mmoja mmoja, na Mathurin hakumruka hata siku moja. Nyumba walichoma, ng'ombe walichukua, lakini huyo hawakuweza kumtoa kwetu. Nimemtoa mimi, kwa sababu ya kicheko cha mwanamke mmoja.

Kwaresima ikiingia hakuna arusi, na baada ya Pasaka Anselme anahamia mbali, Attakapas, na wanawe wote. Nakuomba uende kwa padri wenu ukaape. Aandike kwa wino mzito kwamba Cyprien ni mwongo, nami nimekubali karatasi hiyo isomwe hapa kanisani kwa sauti. Firmin hajui kilichomo humu. Nilishindwa kumwambia usoni. Msomee, kisha umpe chakula, arudi nayo haraka.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Modeste anakuamkia.

Ni mimi nduguyo,
Cyprien wa Agathe, wa Marin, wa Mathurin mkata udongo.