Uzi wa Tano na Sikio la Mjomba Chacha

Jumamosi, likizo ya Pasaka. Mvua imekatika alfajiri, udongo wa Kewanja umelainika kama uji, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nimejaribu kusoma, nikashindwa. Nimejaribu kumsaidia mama kumenya ndizi, nikamenya mpaka akanipokonya kisu.

Iko kitandani kwangu. Nimeifunika kitenge kama mtoto mchanga.

Ngoja nianze mwanzo, maana wewe shajara ndiye pekee ninayeweza kuongea naye bila kutazama vidole vya miguu. Wewe na wale watu wanne wanaosoma blogu hii. Hao siwaoni, kwa hiyo siwaogopi.

Kwanza ungamo. Mimi napiga gitaa la besi kwa sababu hakuna mtu anayesikiliza besi. Kwenye kwaya yetu watu husikiliza sauti ya kwanza, husikiliza kinanda, hata mpiga ngoma akikosea vichwa vinageuka. Mimi husimama kwenye kona nyuma ya spika kubwa, mgongo ukutani, na tangu kidato cha kwanza hakuna aliyewahi kugeuka. Nilijifunza kwa video za Kiingereza kwenye simu ya mama. Kwa hiyo vidole vyangu vinajua mambo ambayo mdomo wangu hauna maneno yake kwa Kiswahili. Kwa Kikurya ndiyo kabisa.

Besi yetu ya kanisani ina nyuzi nne na shingo iliyopinda kwa unyevu. Mwalimu wa kwaya anapenda kushusha nyimbo ili akina baba wazifikie. Wimbo unashuka, unashuka, ukifika mwisho mimi nimeishiwa nyuzi, inabidi nirukie juu. Wenzangu wote wanaingia kisimani, mimi napanda mti.

Nilidhani hakuna anayejua.

Sasa Mjomba Chacha. Ni kaka yake mama, na huniita Mama kwa sababu jina langu, Bhoke, lilikuwa la mama yake. Alikuwa anachimba dhahabu kwenye duara, shimo lao yeye na wenzake wanne, mpaka msimu uliopita duara likatoa. Hapa kwetu mtu duara lake likitoa tunajua kinachofuata: mabati, pikipiki, mke wa pili. Mjomba alinunua pikipiki, halafu akafanya kitu kilichowashangaza wote. Aliuza sehemu yake ya duara wakati bado linatoa. Akaja kwetu akamwuliza mama, "Huyu mtoto kanisani anapiga kile kitu gani?" Akaambiwa besi. Akasema ataninunulia besi nzuri kuliko zote.

Ila tangu apate, watu wanasema amebadilika. Ukimwamkia haitikii. Watoto wanamwita, anapita kama gogo la mtoni. Mama Robi jirani yetu anasema dhahabu imempanda kichwani. Na mimi, nakiri, nilimwamini Mama Robi. Shikamoo yangu ya leo asubuhi haikujibiwa. Nilipanda nyuma ya pikipiki nimenuna, njia nzima mpaka Nyamwaga nikiwaza: besi nitaichukua, lakini huyu mtu simpendi tena.

Tulikuwa tunaenda Tarime mjini, karakana ya Fundi Shabani. Fundi anatengeneza vitanda na makochi. Babu yake alitoka Tanga na yeye mwenyewe anaswali msikitini, lakini vyombo vya makanisa yote ya huku vimepita mikononi mwake. "Kanisani siingii," huwa anasema, "lakini magitaa yenu yote yameshalala kwangu." Ndiye aliyemtafuta muuzaji, kijana mmoja anaitwa Deno, kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Deno anauza besi za fundi wa Nairobi anayezitengeneza kwa mkono, moja moja, na hazifanani.

Alikuwa amezilaza mbili juu ya kitanda ambacho hakijapigwa msasa.

Mungu wangu.

Ya kwanza ilikuwa na uso wa mti wenye mabaka kama ngozi ya chui, umepakwa vanishi mpaka nikajiona ndani yake. Vikazio vya nyuzi vilikuwa vya rangi ya dhahabu. Ya pili ilikuwa ya mvule tupu, kahawia, haing'ai, na karibu na kiuno ilikuwa na kifundo cha mti kama kovu la goti. Zote nyuzi tano. Huo uzi wa tano, ule mnene wa juu kabisa unaotoa sauti ya chini kuliko zote, nimeuota tangu mwaka jana.

"Hii ndio yenu," Deno akasema, akiinua ile ya chui. "Watu wa mgodi, si mnataka kitu inang'aa? Hii ukipanda nayo stejini, watu wanasahau kuomba."

Mjomba akakwaruza kikazio kimoja kwa ukucha. "Hii siyo dhahabu."

"Mzee, ni rangi tu. Kuna gitaa ya dhahabu kweli?"

"Mtu wa Kewanja humwonyeshi rangi ya dhahabu," Fundi Shabani akasema. "Ni kama kumwonyesha mvuvi picha ya sato."

Wakacheka. Mimi nikapewa ile ya chui, ikachomekwa kwenye spika ndogo ya Fundi, na hapo hapo watu wa barabarani wakaanza kujaa mlangoni. Muuza nyanya. Vijana wa bodaboda. Sijui nani aliwaita.

Nikapiga. Nyuzi nne za kawaida zilikuwa tamu, kweli. Kisha nikagusa uzi wa tano.

Ulikuwa tope. Ulitoa mvumo mmoja halafu ukazama, kama mtu anayeongea na ugali mdomoni. Nikasogeza kidole mbele, tope. Nikasogeza tena, tope.

Nikapewa ya mvule. Nilipiga uzi wa tano mara moja tu, polepole. Sauti ikatoka nzima. Ikakaa. Misumari ndani ya kopo la Fundi ikaanza kutikisika.

Nilijua palepale. Sekunde ileile nilijua.

"Sasa sistee, gani?" Deno akauliza. Mlango mzima ukanitazama. Deno alikuwa ameshanivika tena ile ya chui na kunipiga nayo picha, na kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Hiyo hiyo dada, umetoka kama msanii." Na mimi, nakiri tena, nilijiona kwenye ile picha na nikajipenda. Niliwaza wasichana wa sauti ya kwanza watakavyokodoa macho. Niliwaza pia kwamba nikisema hapana nitaulizwa kwa nini, na nikiulizwa kwa nini itabidi nieleze, mbele ya muuza nyanya.

Nikaonyesha ile ya chui kwa kidole. Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Mjomba akanyoosha mkono ampe Deno. Fundi Shabani akaingia katikati. "Mkono hamshikani mimi sipo. Kitu kinauzwa kwenye karakana yangu, nataka nishuhudie. Adhana hiyo, naenda kuswali." Akanawa miguu taratibu, taratibu sana, akaondoka. Deno akasema basi anaenda kula chipsi. Watu wakatawanyika.

Tukabaki wawili, na besi mbili.

Mjomba akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaanza kuzigonga kwa kifundo cha kidole, hii, halafu ile, kichwa amekiinamisha. Akaacha. Akaniuliza bila kunitazama, "Mama, unajua kwa nini nimeacha duara?"

Nikatikisa kichwa, hapana.

"Kule chini, kabla hujapiga nyundo, unagonga dari. Mwamba mzima unalia kama kengele. Mwamba ulioachia unalia kama debe tupu. Ukisikia debe, unatoka na watu wako. Mimi ndiye nilikuwa mgongaji." Akagonga tena ubao. "Siku moja nikagonga, sikusikia kengele. Sikusikia debe. Wenzangu wamesimama nyuma yangu, wanasubiri niseme. Nikawaambia tumbo linauma, nikapanda juu. Sikurudi."

Baruti, akasema. Baruti na mashine ya kutoboa. Sauti nyembamba zote zimeondoka: ndege, simu, watoto, wanawake. Shikamoo huwa anaona midomo inacheza tu, na akichelewa kuangalia ndiyo imepita.

"Wanasema naringa, sivyo?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo. Nilitamani sakafu inimeze.

"Waache. Kuringa siyo aibu. Kuwa kiziwi ndiyo naona aibu. Hata mama yako hajui. Wewe ni wa kwanza."

Kisha akasema hiki, nakiandika kama alivyokisema ili nisikisahau: "Kanisani naona watu wanafungua midomo. Kinachonifikia ni kile chako tu. Kinapita kwenye benchi, kinanipanda mgongoni. Ila kuna mahali, pale mwisho wa wimbo, huwa unaniacha. Unaruka, unaenda juu huko, nabaki peke yangu. Fundi akaniambia ni nyuzi hazitoshi. Ndiyo nikasema tutafute ya tano."

Shajara, nimesimama nyuma ya spika miaka mitatu nikidhani nimejificha. Kumbe kuna mtu alikuwa amekaa benchi la tatu hana kitu kingine cha kusikiliza.

Na mimi nimetoka kumchagulia debe.

Nilifungua mdomo, nikasema kidogo, kama ninavyosema siku zote. Mjomba akatazama midomo yangu. "Sema," akasema, akinigeuzia sikio la kulia. Nikasogea upande wake wa kulia, nikaweka mdomo karibu na sikio, nikashusha sauti mpaka kifuani.

"MJOMBA, NIMEKUDANGANYA. HII SIYO. NI ILE."

Nje muuza nyanya aligeuka. Nilimwona. Sikufa.

Sikuwasha spika. Nilimwomba aweke kidevu juu ya pembe ya ile ya chui, mtetemo umfikie kwa mfupa, nikapiga uzi wa tano. Akakunja uso kama aliyetafuna mchanga. Nikachukua ya mvule. Akaweka kidevu, akafumba macho. Nikapiga.

Alingoja mpaka sauti ikaisha yenyewe.

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia."

Nikarudia, na sasa nikashuka nayo, sauti moja moja, zile za mwisho wa wimbo ambazo sijawahi kuzifikia. Mjomba ana ndevu za mvi kidevuni na zilikuwa zinatetemeka juu ya mti. "Kama iritungu la babu yako," akasema. Babu alikuwa anapiga iritungu, zeze kubwa la sauti nzito, kwenye harusi za Kikurya, mimi sikumkuta. Leo ndiyo nimejua lilikuwa linaliaje.

Deno aliporudi, mikono inanuka mafuta, alishika kiuno. "Yaani nimeenda chipsi tu, mmebadilisha? Na hii ndio iko na sura."

"Mura, wewe kijana, nikifumba macho sura naiona wapi?" Mjomba akamjibu.

"Nani amesema ibadilishwe?" Deno akauliza.

Wakanitazama wote.

"Mimi," nikasema. "Uzi wa tano wa ile unazama."

Deno akaupiga mwenyewe, akasikiliza, akakuna shingo. "Si uongo," akasema mwishowe. Fundi Shabani alikuwa anavua kofia mlangoni, anacheka kimya kimya mabega yakicheza. "Nilimwona alipougusa, uso ukamkunjika kama amelamba shubiri. Nikasema leo niswali bila haraka."

Wakashikana mikono. Fundi akashuhudia.

Njia ya kurudi besi ilikuwa mgongoni kwangu kwenye mkoba wake mgumu, nzito kama mtoto wa miaka mitatu, na mimi nilikuwa napiga kelele kwenye sikio la kulia la Mjomba kama mwendawazimu. Nilimweleza habari za shule. Nilimweleza hesabu zinavyonitesa. Nilimweleza anachosema Mama Robi, akacheka mpaka pikipiki ikayumba kwenye tope. Sidhani kama nimewahi kumwambia mtu mzima maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Koo linaniwasha hata sasa.

Tulipofika nilimwuliza kama naweza kuandika habari zake hapa. Alifikiri. Akasema, "Andika. Labda wenzangu wa duara watasoma, nipumzike kuwaambia." Halafu akaingia jikoni, akakaa mbele ya mama, nikasikia anasema, "Dada, hebu niangalie nikueleze kitu." Nikawaachia nafasi.

Nimefunua kitenge mara sita tangu nianze kuandika. Kile kifundo karibu na kiuno ndipo dole gumba langu linapotulia, kana kwamba fundi wa Nairobi alinipima mkono. Nimeipiga bila spika, tumbo langu limeegemea mti, na nimejua Mjomba alikuwa anazungumzia nini.

Bado naogopa. Sitaki kukudanganya wewe pia.

Lakini kesho ni Jumapili. Wimbo ukishuka, nashuka nao mpaka chini. Nitasimama mbele ya spika, upande wa benchi la tatu. Na kabla ya hayo yote nitamsubiri Mjomba mlangoni, nisogee sikio la kulia, nimpe shikamoo yake, hata kama kanisa zima litageuka.